Punguza vifaa, mkono wako utaonekana: jibu kwa binti wa Ujiji

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Ujiji, Kigoma. Mchana namsaidia mama kwenye cherehani, usiku nafanya sanaa ya vifaa mchanganyiko juu ya maboksi na hadibodi. Natumia vipande vya vitenge, nyavu chakavu kutoka mwalo wa Kibirizi, mifuko ya salfeti, magazeti, mchanga, magamba ya konokono wa ziwani, rangi za maji na za mafuta, hata mawese nimewahi kupaka ili nipate rangi ya chungwa. Watu wanasifia, lakini kaka yangu anasema ukizipanga kazi zangu ukutani utadhani zimefanywa na watu sita. Nyingine kweli nimeziiga kwenye simu. Halafu mvua zikianza vitu vinabanduka na boksi linapinda. Nitaupataje mtindo wangu mwenyewe? Na je, ni lazima nihamie Dar?"

Marahaba, binti yangu. Umefanya vizuri kutuma na picha za kazi zenyewe, kwa sababu suala la mtindo halijadiliki hewani. Nimezitazama zote. Kaka yako ana jicho, na alilosema lisikuvunje moyo: mtu wa umri wako ambaye kazi zake zote zimekwisha kufanana, mara nyingi amekariri tu, hajatafuta.

Nianze na kazi moja, ile ya wanawake wanaoanika dagaa. Kwenye kona ya chini kushoto wavu ulikataa kushika gundi. Ukachukua sindano na uzi mweusi, ukaupigia bandi, ule mshono wa kupitisha sindano juu na chini, kwenye kitambaa, halafu ukapaka rangi ya kijivu juu ya mishono ili isionekane. Kwangu mimi hapo ndipo penye uhai kuliko mahali pengine popote katika kazi zako. Mishono inakwenda kwa kasi, inajikunja pale wavu unapojikunja, inakaza panapohitaji kukaza. Ni mkono wa mtu aliyekulia chini ya meza ya cherehani. Hukuiga hilo kwenye simu, wala hakuna wa simu anayeweza kukuiga kirahisi. Ila uliliona ni kiraka, ushahidi kwamba gundi imekushinda, ukalifunika. Nataka ulifunue.

Nasema hivi kwa sababu maswali yako mawili, la mtindo na la vitu kubanduka, naona yanajibiwa mahali pamoja. Katika sanaa ya vifaa mchanganyiko msanii anajulikana zaidi kwa namna anavyovikutanisha vitu kuliko kwa vitu vyenyewe. Kitenge kila mtu anacho. Nyavu chakavu ziko Kibirizi kwa mafungu. Lakini jinsi kitenge kinavyokutana na wavu, kama kimebandikwa, kimeshonwa, kimechomwa au kimefungwa kwa waya, hapo ndipo mkono wa mtu unapotambulika. Na hapo hapo ndipo kazi inapobanduka kama hukuelewa kifaa unachokishika.

Kwa hiyo tuvielewe kwanza. Gundi nyeupe ya mbao unayoitumia inashika kwa kupenya ndani ya nyuzi za kitu kinachofyonza maji: karatasi, pamba, mbao, boksi. Ikikaukia humo imekamata. Nyavu za siku hizi ni nailoni, na mfuko wa salfeti ni plastiki iliyofumwa. Hivyo havifyonzi. Gundi inatanda juu tu, inakauka, na unyevu wa masika ukiingia inaachia, hata kama uliibana kwa matofali usiku kucha. Usibadilishe aina ya gundi ukidhani utapata kali zaidi. Vishone. Uzi unapita katikati ya matundu ya wavu na kati ya nyuzi za salfeti, unashikilia bila kuhitaji kupenya chochote. Salfeti ina tatizo la pili: jua linaidhoofisha. Umeona mifuko iliyoachwa nje inavyogeuka unga ukiishika. Ukiitumia, basi kazi ikae ndani ya nyumba, mbali na dirisha, na mnunuzi umwambie hivyo.

Magamba, mawe na vipande vya bati vinataka gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili unayoichanganya, au utoboe tundu dogo na kufunga kwa waya. Gundi ya unga, uji wa ngano au wa muhogo, inashika karatasi vizuri sana, lakini nyumba zetu zina mende, panya na ukungu, na wote hao uji ni chakula chao. Iache.

Kwenye magamba ya konokono nikuombe jambo kwa dhati. Ziwa Tanganyika lina vitanda vya magamba sakafuni, na kuna samaki wadogo wa humu ziwani ambao nyumba yao ni hilo gamba tupu: wanalala humo, wanataga humo, wanalelea watoto humo. Ukiokota machache yaliyotupwa ufukweni na mawimbi hakuna ubaya. Ukianza kuwatuma watoto wakuchotee ndoo kwa ndoo majini, unabomoa mtaa wa viumbe vingine. Na ukienda Gombe au Mahale, usitoke na kitu cha hifadhini, hata jani.

Sasa rangi. Rangi ya maji haikai juu ya rangi ya mafuta. Itashika wiki chache kisha itachanika magamba magamba, na ndilo lililoipata ile picha yako ya stesheni. Kinyume chake kinawezekana: maji chini, yakauke kabisa, mafuta juu. Na rangi ya mafuta isiguse karatasi au kitambaa kitupu, kwa sababu mafuta yanapokauka yanaunguza nyuzi polepole, na baada ya miaka kitambaa kinakatika chenyewe. Lazima kwanza pawe na koti la rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi kidogo ya mbao. Lakini ushauri wangu kwako wewe ni mfupi zaidi: acha rangi ya mafuta kabisa kwa mwaka huu. Sababu nitaieleza.

Mawese nayo yaache jikoni. Naelewa kilichokuvuta; hakuna mtu wa Kigoma asiyeipenda rangi ile ikimiminwa. Ila kuna mafuta yanayokauka na yasiyokauka. Mafuta ya kitani, ambayo wachoraji wameyatumia kwa karne nyingi, yakikutana na hewa yanaganda na kuwa utando mgumu. Mawese hayafanyi hivyo. Yatabaki na utelezi mwaka mzima, yataenea kwenye karatasi jirani, yatanuka na kuita sisimizi. Hata ile rangi ya chungwa inayotoka kwenye karotini inapauka ikipigwa na mwanga. Umepaka kitu kisichokauka na kisichodumu.

Rangi unayoitafuta iko chini ya miguu yako. Udongo mwekundu wa mkoa wetu ni mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo ndani yake, na kutu imekwisha kuwa kutu: jua haliwezi kuibadilisha zaidi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi yake ni ya wekundu huo huo wa chuma, na mpaka leo inasomeka. Chimba chini kidogo, pasipo na majani na mizizi. Uponde, uchekeche, uuloweke kwenye ndoo ya maji na kukoroga kwa nguvu. Subiri kidogo mchanga uzame, kisha mimina yale maji yenye tope kwenye ndoo nyingine kabla tope lenyewe halijatulia. Acha hadi kesho yake. Juu patakuwa na maji safi, chini utelezi laini kama siagi. Mwaga maji, anika utelezi kwenye sinia, usage tena. Unga huo ukiuchanganya na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji unapata rangi isiyopauka, kwa gharama ya gundi tu. Chukua udongo wa sehemu tofauti, njia ya Kasulu, pembeni ya ziwa, nyuma ya nyumba, uone jinsi wekundu unavyotofautiana, mwingine ukielekea njano, mwingine zambarau. Kwa nyeusi una mkaa na masizi, navyo havipauki.

Vitenge vina bahati tofauti tofauti. Kuna vinavyohimili mwanga na kuna vinavyoisha, na bei haisemi ukweli. Kata kipande kidogo cha kila kitambaa, funika nusu kwa boksi nene, weka dirishani pa jua kali mwezi mzima, kisha funua. Tofauti ikionekana, hicho kiishie kwenye nguo. Fanya hivyo pia na karatasi zako. Gazeti litageuka njano na kukatika, kwa sababu limetengenezwa kwa mbao iliyosagwa bila kuondolewa kile kinachoifanya mbao iwe ngumu. Kama unahitaji maandishi ya gazeti, piga fotokopi kwenye karatasi nyeupe nzuri. Fotokopi ya mashine ya unga ina faida nyingine: ukiibandika kifudifudi juu ya kitambaa kwa gundi nyeupe, ikauke kabisa, kisha uilowanishe na kuisugua kwa kidole, karatasi inatoka na wino unabaki kwenye kitambaa. Printa ya wino wa maji haifai kwa hilo, itakuchafulia tu. Kumbuka maandishi yatatoka yamegeuka, kwa hiyo mwambie wa steshenari ayageuze kwanza.

Boksi linapinda kwa sababu unabandika upande mmoja. Gundi ikikauka inavuta, na nyuma hakuna kinachovuta kuipinga. Bandika karatasi ya unene ule ule nyuma, siku hiyo hiyo, mvutano utalingana. Hadibodi vilevile: ipake pande zote mbili na kwenye kingo, maana unyevu unaanzia kingoni. Lakini hapa tena nina ushauri mwingine, nao ndio kiini cha jibu langu.

Acha boksi, acha hadibodi, nenda kwenye kitambaa cha marekani.

Fundi kama wewe hahitaji kuambiwa marekani ni nini. Ila fikiria ilivyofika Ujiji. Katika karne ya 19 kitambaa hicho cha pamba, kilichofumwa kwenye viwanda vya Marekani, kilishushwa Unguja, kikabebwa mabegani na wapagazi kupitia Tabora hadi hapo kwenu, na njia nzima kilikuwa fedha: ulilipia chakula kwa kitambaa kilichopimwa kwa mikono, ulilipia nacho hongo, yaani ushuru wa njia, kwa machifu. Sokoni Ujiji watu walinunua vitu kwa shanga. Wageni wanaofika Ujiji wanapelekwa kwenye jumba la makumbusho kuoneshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na watoto wa shule wanajua tarehe hiyo kuliko jambo jingine lolote kuhusu mji wao. Sikatazi. Lakini wewe ni binti wa cherehani, na mji wako ulijengwa kwa kitambaa, uzi na shanga. Hilo linanigusa sana kila ninapoifikiria kazi yako, na ningependa likuguse na wewe. Haina maana kwamba uchore misafara. Maana yake ni kwamba ukitandaza kipande cha marekani na kushona juu yake, hufanyi tu mapambo. Kifaa chenyewe kimebeba habari ya mahali pako kabla hujaweka alama hata moja.

Basi nakupendekezea vitu vinne tu: marekani, mabaki ya vitenge ya duka la mama, udongo mwekundu, na uzi mweusi. Ukilazimika, cha tano kiwe wavu. Rangi ya mafuta haimo, magazeti hayamo, mchanga haumo, magamba hayamo. Najua itauma, kwa sababu raha ya sanaa hii ni kuongeza. Ila tazama tena ile kazi yako ya meli ya Liemba. Ina mchanga pembeni, magamba kwenye fremu, gazeti angani, salfeti majini, rangi aina mbili. Nilipomaliza kuitazama nilikumbuka vifaa, meli sikuikumbuka. Kila kifaa ni sauti, na wote wakipiga kelele pamoja hasikiki hata mmoja.

Usidhani nakunyima. Mitindo mingi tunayoitambua kwa mbali imezaliwa kwenye uhaba. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi za mraba zenye upande wa takriban sentimita 60 na rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana na kununulika. Rangi ile inang'aa, inakauka polepole, haichanganyiki kwa ulaini kama rangi za wachoraji. Ukiwa nayo unalazimika kuweka uwanja bapa wa rangi, usubiri, kisha uweke madoa na mistari juu. Leo mtu yeyote akiona chui mwenye madoa yale na macho yale anataja jina lake. Alifariki mwaka 1972, kazi yake ilidumu miaka michache tu, na bado mkono wake unasomeka. Hata wengi waliomfuata wanajulikana kwanza kwa kile alichokifanya yeye na kopo la rangi ya baiskeli.

El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, ni mwalimu mzuri zaidi kwako wewe kwa sababu ni mtu wa kuunganisha. Alifanya kazi na sinia za mbao, na vyungu vilivyovunjika, na bati za kukunia mihogo. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 akaanza kutumia vizibo na vifuniko vya chupa za pombe: anavipondaponda, anavikunja, anavitoboa na kuvifunga kimoja kimoja kwa waya wa shaba, mpaka vinakuwa shuka kubwa la chuma linaloning'inia ukutani na kujikunja kama nguo. Amekaa na wazo hilo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2015 huko Venice, Italia, akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Jiulize: kama angefunga vizibo wiki moja, wiki ya pili akahamia manyoya, ya tatu vioo, nani angemjua? Na kizibo chenyewe hakikuchaguliwa kwa uzuri tu. Pombe za kigeni zilifika pwani ya Afrika Magharibi na wafanyabiashara wa Ulaya, waliozibadilisha kwa bidhaa na kwa watu waliofanywa watumwa. Kifaa na habari vinakwenda pamoja, kama marekani yako.

Ile sura ya mwanamke uliyoitengeneza kwa vipande vya majarida, yenye maua badala ya nywele, ndiyo niliyoijua papo hapo kwamba umeitoa kwenye simu. Huna haja ya kuona haya. Ila linganisha na Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ambaye naye hukata majarida na kuunda miili ya wanawake, akichanganya na wino, rangi na hata michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari. Yeye anakata majarida yale yale yanayowaambia wanawake wawe na sura gani, na anachanganya na picha za madaktari waliokuwa wakiuchungulia mwili wa mwanamke. Ukiondoa majarida, hoja inaanguka. Wewe kwenye kazi yako ukiondoa majarida ukaweka kitenge, kitapotea nini? Kama jibu ni "hakuna", basi kifaa kile kilikuwa mgeni. Tumia swali hilo kwa kila kitu unachotaka kubandika. Mwaka 1912 huko Ufaransa, Georges Braque aliponunua karatasi ya ukutani iliyochapwa ionekane kama mbao na kuibandika kwenye mchoro wake, ilikuwa na kazi: iliifanya ile mbao ya uongo iseme jambo kuhusu uchoraji wenyewe, ambao nao ni uongo wa macho. Hakubandika kwa sababu nafasi ilikuwa tupu.

Kuhusu kuiga, msimamo wangu ni huu. Iga ili ujifunze, kwenye daftari, usiuze na usisaini. Na unapoiga usiige sura, iga hatua. Mtu huyu alianza na kitu gani, akafuatia nini, vipande vyake vinakutana vipi kingoni, amepaacha wapi patupu. Ukishaelewa hatua, sura haitakuvutia tena. Kuuza kazi ya mwingine kama yako ni wizi, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayomlinda msanii, ambayo siku moja utafurahi kwamba ipo kwa ajili yako. Picha za watu pia: ukimpiga mama wa Kibirizi akianika dagaa ili umtumie kwenye kazi, muombe ruhusa na umuoneshe kazi ikikamilika.

Sasa kazi yenyewe. Fanya vipande 12 vya marekani, vyote sentimita 30 kwa 30, ukiacha pindo la sentimita tano kila upande la kukazia kwenye fremu. Vyote viwe vya jambo moja. Nisingechagua Liemba wala stesheni, kwa sababu hivyo unavitazama kwa macho ya mgeni, na kazi zako zinaonyesha. Kwenye dagaa wanaoanikwa unatazama kwa macho yako. Kaa hapo. Vitanda vya kuanikia, mikono inayogeuza, vivuli chini ya nyavu, kanga zilizofungwa kiunoni, mvua inaponyemelea na wote wanakimbilia kuanua: una habari za miaka mitano hapo.

Vipande vinne vya kwanza vifanye kwa uzi na udongo tu, bila kitenge. Hapa ndipo utaujua uzi wako. Uzi ni mstari, lakini ni mstari wenye kina na kivuli, unaoweza kukaza na kulegea. Jaribu bandi ndefu, bandi fupi, mshono wa kurudi nyuma, fundo, uzi ulioachwa uning'inie. Mama yako anajua mishono ambayo mimi siijui. Muulize, na umuulize bibi kama yupo. Vinne vinavyofuata uongeze kitenge, ila kila kipande cha kitenge kiwe na sababu kwa swali lile nililokupa. Vinne vya mwisho nakuachia. Vifanye kwa mfululizo, usirudi nyuma kurekebisha cha kwanza ukiwa kwenye cha sita.

Utachoka. Karibu na cha tano utaona unajirudia na utatamani kubadilisha kila kitu. Usikimbie hapo, maana kabla ya uchovu huo mtu anatumia alivyovikariri. Baada yake analazimika kuchimba. Ukifika cha 12 vitandaze vyote sakafuni na utafute kinachojitokeza bila wewe kukipanga. Labda unaacha kona moja wazi kila mara. Labda uzi wako daima unatoka kulia. Labda wanawake wako hawana nyuso. Hayo uyaandike kwenye daftari, kwa sababu hayo ndiyo yako, na katika vipande vinavyofuata uyafanye kwa kukusudia.

Mtindo huo ukishasimama, vifaa vingine vitarudi bila kukuchanganya. George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam na kufariki mwaka 2005, alichonga mbao, alichora, alifanya batiki na kazi za kuchapa, na viumbe vyake, wale mashetani wenye matumbo na masikio makubwa wanaocheza, unawatambua kote. Kifaa kilibadilika, mkono ukabaki. Lakini alikuwa na watu wake kwanza.

Nyuma ya kila kazi andika kwa penseli jina lako, mwaka, na vitu vyote ulivyotumia, hadi aina ya gundi. Siku mtu atakapotaka kuitengeneza atakushukuru.

Na Dar? Hapana, si lazima uhamie. Unachokifanya kinategemea meza ya mama yako, nyavu za Kibirizi, udongo wa Kigoma na vitenge vinavyovuka ziwa. Ukikihamishia chumba cha kupanga Dar utakuwa unashona kwa kumbukumbu. Nenda kutazama, hilo nasisitiza. Nafasi Art Space pale Mikocheni ina karakana za wasanii na maonesho, na ni muhimu kusimama mbele ya kazi halisi, uone unene wake na kingo zake, vitu ambavyo simu inavificha. Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, inayofundisha sanaa za ufundi pamoja na za maonesho, ukihitaji mafunzo rasmi. Jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na kazi zako uzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ufike ukiwa msanii anayetambulika.

Utakaposafiri utaona faida nyingine ya kuacha hadibodi. Marekani inakunjika. Itoe kwenye fremu, iviringishe kwenye bomba nene la plastiki upande wa kazi ukitazama nje, siyo ndani, maana rangi ikiwa nje inavutwa kidogo tu na ukiitandaza inarudi mahali pake, lakini ikiwa ndani inabanwa na kuvunjika. Weka karatasi safi kati ya kazi na kazi, funga kwa kitambaa badala ya kamba, na kwenye treni ikae kitandani pamoja nawe, isishuke chini kwenye mizigo.